Kipande cha Makaa Nilichotia Katika Mtungi wa Klabu

Mwaka nilioukata undugu wangu ulikuwa mwaka wa ugali wa njano, yale mahindi ya msaada yaliyonuka gunia hata uyapikie mchuzi wa nazi ngapi. Uhuru ulikuwa njiani, bendera haijapanda bado, na sisi hapa Msambweni tunakula njano mchana na jioni. Kosa ni langu. Simsingizii shetani, siku ile alikuwa na kazi zake kwingine!

Mume wangu, Baba Saumu, alikuwa karani. Yeye na wenzake sita walianzisha klabu yao, maana klabu ya Wazungu kule Diani Mwafrika aliingilia mlango wa jikoni tu. Walipata chumba cha makuti, viti saba, redio ya betri na mabao mawili ya kuchezea. Ulevi marufuku. Kanzu safi, na koti juu yake. Mimi ndiye niliyewapikia kahawa, na jamani, nilivyojiona! Mke wa katibu! Nikipita njiani nataka nipishwe.

Lakini aliyewafundisha klabu ni kitu gani alikuwa mdogo wangu, Hamisi. Yeye alikuwa mpishi katika hiyo klabu ya Wazungu, na macho yake hayakulala. Ndiye aliyewaambia waweke daftari mlangoni, wasiteme mate, wasigombane redio ikisema. Ndiye aliyewaonyesha namna ya kumpokea mtu mpya: kila mmoja apeleke ngumi iliyofumbwa kwenye mdomo wa mtungi, atie komwe ya bao akimkubali, au kipande cha makaa akimkataa. Kikionekana kipande kimoja tu cha makaa, mtu haingii, wala hakuna kuulizana nani.

Kisha Hamisi mwenyewe akaomba kuingia.

"Hongera, shoga," jirani yangu akaniambia kisimani. "Nduguyo anaingia klabu. Atakaa kitini na mumeo, au atavaa eproni awapakulie?"

Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika. Na mimi nikacheka nao. Ndani nawaka.

Mtungi ulikuwa wangu, mdogo, wa shingo nyembamba. Siku ya kura, kabla sijaupeleka, niliokota kipande cha makaa jikoni kwangu nikakitia ndani. Nani angeuchungulia mtungi ulioletwa na mke wa katibu?

Nilisimama nyuma ya pazia na birika langu. Walipokwisha kutia wote saba, mwenyekiti akaumwaga mkekani. Kipande cha makaa kikaviringika mpaka miguuni pake.

"Kanuni ni kanuni," akasema. "Mwambieni Hamisi, leo haikuwa riziki yake."

Hamisi alikuwa pale pale barazani, amevaa koti la kuazima lililomfunika mpaka vidole. Alisikia. Akalivua, akalikunja vizuri, akaondoka.

Hakuna aliyezihesabu komwe. Mimi nilizihesabu nilipokuwa nikiziokota. Saba! Wanaume saba, komwe saba! Wote walimtaka ndugu yangu. Aliyemkataa ni mimi niliyetoka naye tumbo moja.

Kesho yake akaja jikoni kwangu.

"Dada, wewe unaingia mle na kahawa. Niambie kweli. Ni shemeji?"

Nilikuwa nasonga ule ugali wa njano. Sikugeuka.

"Siingii mimi mambo ya wanaume," nikamjibu.

Lo! Kwa maneno hayo nikamtwika mume wangu mzigo wangu. Hamisi alihamia Mkongani akalima, asikanyage kwetu tena. Baba Saumu alimfuata mara tatu, akamwapia kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mara ya mwisho Hamisi alimwambia, "Shemeji, nenda kakae kwenye kiti chako." Alirudi nyumbani, nami nikamwandalia chai kama mke mwema! Pale klabu napo wakawa wanatazamana: nani alitia? Klabu ilidumu. Urafiki wa wale saba haukudumu.

Saumu wetu alipoolewa, wakwe waliuliza, "Mjomba wa bibi harusi yuko wapi?" Kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kukosekana siku hiyo. Nikasema anaumwa, ila atakuja. Walimngoja mpaka wali ukapoa, na mwanangu akalia mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Na mimi, sababu ya machozi yale, nilikuwa nimekaa kando yake, nampepea.

Hamisi alifia Mkongani. Baba Saumu akafuata, kosa langu likiwa bado mgongoni pake. Miaka yote ile nilikuwa na mdomo, nisiseme!

Wewe unayeona haya kwa sababu nduguyo anaosha vyombo vya watu hotelini, muite jina lake kwa sauti mbele ya hao wanaokucheka. Na ukishamkosea, mwambie siku ile ile, ugali ungali motoni. Mimi nilingoja, na sasa nawaambia nyinyi nisiowajua.

Juzi vijana wa klabu walikuja. "Shikamoo, bibi." Klabu wameipaka rangi, wana televisheni, na ule mtungi wangu wameuweka kwenye kabati la kioo. Wanafanya sherehe. Wanataka nikae kiti cha mbele, kwa kuwa wa siku zile nimebaki mimi tu.

"Wewe ndiye mama wa klabu, bibi. Utatueleza ilivyoanza."

Nikautazama mkeka niliokalia.

"Siingii mimi mambo ya wanaume," nikawajibu.