Sindano za Bi Mwanahawa

Niliondoka Morogoro kwa sababu daktari mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alihitaji muuguzi wa kwenda naye kisiwani Mafia. Alitaka kupima kama tiba ya sindano ya Kichina inawasaidia kweli wenye maumivu sugu. Nusu ya wagonjwa wangechomwa sindano halisi. Waliobaki wangewekewa sindano butu, inayogusa ngozi bila kuingia. Waliambiwa hivyo mapema wakaridhia, ila hakuna aliyejua yuko upande upi. Hata mimi sikujua. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza hali zao.

Nyamisati tulipanda boti, bahari ikanitapisha mpaka Kilindoni. Kutoka hapo bodaboda ilinifikisha Ndagoni, vumbi hadi kwenye kope.

Pale Ndagoni nilipangiwa kwa Bi Mwanahawa, mkulima wa mwani, naye akiwa mmoja wa wagonjwa wetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nisamehe, sinyanyuki. Mgongo umenifunga."

Miezi ikapita. Wengine walipata nafuu, wengine wapi! Bi Mwanahawa akanyooka. Maji yakipwa alishuka pwani, akainama kufunga mwani kwenye kamba, akirudi anaimba. Moyoni nikasema: sindano hizi zinaponya kweli.

Siku ya kufunga kazi, daktari alinituma nimweleze kila mtu alichopata. Bi Mwanahawa alikuwa wa sindano butu. Jirani yake, Mzee Shomari, aliyechomwa zile halisi, bado alikuwa akiugulia goti lake barazani.

Nilimwambia bibi uani. Mkono wake ukaenda mgongoni, taratibu.

"Hazikuingia?"

"Hazikuingia, bibi."

"Basi kilichoniponya nini?"

Nikaogopa nimemrudishia maradhi kwa ulimi wangu.

Asubuhi ya kuondoka nilimfuata pwani kumuaga. Alikuwa ameinama majini.

"Bibi, mgongo je?"

"Usiniulize," akasema bila kuinuka. "Ukiniuliza nitaanza kuutafuta."

Sasa nimerudi Morogoro. Daktari bado anajumlisha majibu ya watu wote, na mtu mmoja si ushahidi. Hilo nalielewa vizuri. Lakini jana wodini nilisimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa ametulia kitandani. Nikafungua mdomo nimuulize kama anaumwa, nikaufunga, nikamtengenezea shuka.