Dungusi Lisilotaka Kukaribishwa

Mtaani wanamwita Mzee Soli, maana ni fundi viatu, na hata ukimsalimia hukutazama miguuni kwanza. Mkewe alipofariki alimwachia chumba, redio mbovu na kopo la dungusi la mviringo kama mpira, lenye mbavu, miiba, na manyoya meupe utosini. "Wewe na hili ni ndugu," marehemu alizoea kumtania. "Miiba mwaka mzima, maua mara moja."

Maua yenyewe hutoka utosini msimu wa joto, ya waridi, na hukaa siku chache tu. Binti yao anayeishi mbali aliahidi kwenye simu: "Likichanua, baba, nitakuja." Tangu mazishi hajakanyaga. Basi mzee akaweka roho yake yote kwenye lile kopo dirishani.

Sasa, mtu aliyelelewa akaleleka hanywi mbele ya mwenzake bila kumkaribisha. Kila asubuhi Mzee Soli alijimiminia chai, akasema "Karibu," akalimwagia dungusi kikombe cha maji. Hakuwa na mwingine wa kumkaribisha. Miezi ya baridi ikapita hivyo, wawili hao wakinywa pamoja.

Siku moja akaligusa chini, kidole kikazama. Akalibeba hadi kwa mama muuza miche, ambaye alilinusa tu akajua.

"Mzee, umelizamisha hili. Baridi ikija dungusi hulala, halitaki hata tone. Maji yote haya ulikuwa unalinywesha ya nini?"

"Ya adabu," akajibu mzee.

Mama yule hakucheka. Alikata palipooza mpaka akafikia nyama safi. "Liweke kivulini, kidonda kikauke kiwe kigumu. Kisha likalishe juu ya mchanga mkavu, na usilinyweshe maji mpaka litoe mizizi. Litapona. Ila maua ya mwaka huu, sahau."

Kupona kulimfariji kidogo, lakini maua ndiyo yaliyokuwa nauli ya binti. Akampigia.

"Halitachanua, mama."

"Pole, baba. Basi mwakani."

Kuomba hakukuwa desturi ya mzee, hata kwa marehemu hakuwahi. "Njoo hivyo hivyo. Nimechoka kukaa peke yangu."

Binti akasema kwa upole, "Nitaangalia, baba."

Mzee Soli alilijua neno hilo. Ndilo analowaambia wateja wanaomletea viatu visivyoshoneka tena.