Madaftari ya Mama Rula

Hebu mwone anavyofika. Mama wa miaka sitini na miwili, mfupi, kitenge cha rangi ya kahawa juu ya gauni, ndara miguuni, mkononi ndoo nyeupe ya rangi, ile ya lita ishirini, yenye mfuniko. Anasimama mbele ya geti la kituo cha utafiti wa samaki, pale Igogo kando ya ziwa, anaitua ndoo chini na kuvuta pumzi. Mlinzi ni mgeni kwake.

"Shikamoo mama. Samaki hatununui hapa."

"Marahaba baba. Na mimi siuzi."

"Sasa humo ndani kuna nini?"

"Kuna miaka thelathini na miwili."

"Mama, mimi nauliza kwa ajili ya kitabu cha wageni."

"Basi andika madaftari."

Mlinzi akaandika. Hakujua kwamba mama huyo, Kokulinda kwa jina, alikuwa akilipita geti hilo kila asubuhi tangu kabla yeye hajaanza darasa la kwanza. Wala hakujua kwamba ndani ya ndoo kulikuwa na karatasi za kumwondoa kazini mtu mwingine, aliyezoea kumwita yeye mama.

Koku alizaliwa Muleba, kwenye migomba, akaolewa Busisi, ng'ambo ya maji. Mwaka tisini na moja alipata kazi kituoni. Kazi yenyewe ukiisikia utacheka: kupima urefu wa dagaa. Kila Jumatano alfajiri alikuwa mwaloni mitumbwi inapotia nanga. Anachota kopo moja, anawamwaga juu ya ubao wenye rula, anawapima mmoja mmoja hadi mia mbili. Wavuvi wakambatiza jina siku ya kwanza.

"Mama Rula!" Chenge, nahodha wa mtumbwi mmoja, alikuwa akipaza sauti mbele za watu. "Unawapima hao unataka kuwashonea suruali?"

"Nianze na wewe, Chenge. Yako imekwisha matakoni."

Mwalo mzima ulikuwa ukiangua kicheko. Mpaka leo, ukimkuta Koku amekaa peke yake anatabasamu, ujue yuko mwaloni. Anasikia karabai zikizimwa, moja baada ya nyingine. Ananusa moshi wa mafuta ya taa na dagaa wabichi wakitandazwa mchangani. Siku hizi taa ni za sola, hazina harufu. Hata safari ya kwenda kwake imebadilika. Zamani alingoja kivuko pale Kigongo, akila karanga na yai la kuchemsha, akipiga soga na watu asiowajua. Sasa kuna daraja. Gari linakatiza maji kabla hujamaliza kumsalimia jirani wa kiti. Anashukuru, tena sana, maana magoti yamechoka. Lakini yale mayai ya kuchemsha anayakumbuka.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee Mashimba, Msukuma mrefu asiye na haraka na jambo. Wiki ya kwanza alimpa madaftari mawili badala ya moja.

"Moja la ofisi, moja la nyumbani," alisema. "Unachoandika huku, nakili kule siku hiyo hiyo. Panya hawali nyumba mbili kwa usiku mmoja."

Kisha akamfundisha jambo la pili, ambalo ndilo hasa la habari hii. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa, taa haiwavuti tena, dagaa wametawanyika. Kwa hiyo siku hizo hakuna anayeingia ziwani. Mitumbwi huvutwa mchangani, watu wakashona nyavu, wengine wakaenda makwao kuona wake. Na mwezi haujali Jumatano ya mtu. Karibu kila mwezi, Jumatano moja huangukia humo.

"Siku hiyo niandike nini?" Koku aliuliza.

"Chora duara, andika mwezi, nenda nyumbani ukapike. Ziwa likinyamaza, na daftari linyamaze."

Hivyo ndivyo alivyofanya. Ukiyafunua madaftari yake utakuta kurasa zimejaa namba, kisha duara, kisha namba tena, miaka nenda miaka rudi.

Mzee Mashimba alipostaafu akaja Florian, kijana wa Muleba vilevile, katoka chuoni na viatu vya kung'aa. Koku alimfundisha kumshika dagaa asikatike mkia. Alimpikia ndizi na maharage Jumapili alipokuwa hana mke, akamtafutia chumba Mirongo. Florian akamwita mama, na haikuwa adabu tu. Alipopata mtoto wake wa kwanza, wa kike, alimpa jina la Kokulinda.

Florian akasoma, akawa daktari wa sayansi. Mwaka mmoja baada ya Koku kustaafu, aliandika makala kwenye jarida kubwa la nje: dagaa wa ghuba hii wanazidi kuwa wafupi mwaka hadi mwaka. Chini kabisa alimshukuru Koku kwa jina. Koku alimwomba binti wa jirani amsomee mstari huo mara tatu.

Sasa sikia. Mtafiti mmoja wa Kisumu, naye mtoto wa ziwa hili hili, aliisoma makala hiyo akakuna kichwa. Vipimo vya kila Jumatano, miaka kumi, bila pengo hata moja? Huko kwenu mwezi hauchomozi? Akaliandikia jarida. Jarida likamwandikia Florian alete madaftari ya asili. Florian akajibu kwamba stoo ilivuja, yaliloa yote. Jarida halikuridhika, likaandika kituoni. Kituo kikaomba mchunguzi wa nje, mtu asiyekula sahani moja na Florian. Ndipo akaja Dokta Hellen, wa kamati ya maadili ya utafiti.

Hellen alimpigia Koku simu. "Mama, eti stoo ilivuja?"

"Ilivuja kweli, mwanangu. Nilianika karatasi juani siku mbili. Lakini si nina mengine nyumbani?"

Aliropoka kabla hajajua kwa nini anaulizwa. Alipoelezwa, alikaa kitako kwenye kizingiti.

Jumamosi Florian akafika Busisi na kilo mbili za sukari. Alikunywa chai nusu kikombe.

"Mama, huku kwenu mchwa wapo wengi, eh?"

"Wapo."

"Wanakula vitu."

"Madaftari yangu yako kwenye ndoo yenye mfuniko, Florian."

Akainamisha kichwa. "Mama, sikubuni jambo. Dagaa wanazidi kuwa wafupi kweli, wewe mwenyewe umewapima. Nilijaza tu mapengo. Wafadhili waliahidiwa kila wiki, bila kuruka. Nilichukua wiki ya kabla na wiki ya baada, nikakadiria katikati."

"Ungeandika basi kwamba umekadiria."

"Ningeandika, wasingeipokea."

"Haya. Kesho wakigundua zile za kwako ni za uongo, hizi za kwangu nani ataziamini? Dagaa wanafupika kweli, Florian, na wewe umewapa watu sababu ya kusema hawafupiki."

"Nitafukuzwa, mama. Na yule mjukuu wako bado mdogo."

Koku akainuka. Alimfungia parachichi kwenye mfuko wa karatasi kama kawaida, akamsindikiza mpaka njiani. Kisha akarudi, akaifungua ndoo, akatoa daftari moja. La mwaka elfu mbili ishirini na mbili. Akalificha chini ya godoro. Yaliyobaki angeyapeleka. Kati ya madaftari thelathini na mawili, nani angehesabu?

Alilala juu yake siku tatu. Siku ya nne alipokuwa akitandika alimkumbuka mzee Mashimba na lile neno lake. Kunyamaza, alisema moyoni, si kitu kimoja na kunyamazisha. Akalirudisha kwenye ndoo. Ndiyo ndoo uliyomwona nayo getini.

Ndani walikaa watatu: Hellen na miwani yake na orodha iliyochapwa, Florian dirishani, na Koku. Hellen alikuwa akisoma namba ya makala, kisha anatafuta siku hiyo kwenye daftari. Kurasa zilikuwa bado na magamba makavu ya dagaa, na harufu. Nyingi zililingana. Kila zilipolingana, Koku alihisi kama anayesikia jina lake likiitwa vizuri.

"Jumatano, tarehe kumi na tatu Julai, elfu mbili ishirini na mbili," alisoma Hellen. "Makala inasema dagaa mia mbili, wastani milimita arobaini na nane." Akafunua daftari. "Mama, hili duara ni nini?"

"Mwezi. Hawakutoka siku hiyo. Chenge alikuwa anashona nyavu."

"Na haya maandishi ya pembeni?"

Koku alimtazama Florian. Florian alikuwa ameshayajua, maana siku ile alisimama nyuma ya bega lake akicheka huku machozi yakimtoka, wakati kalamu inaandika.

"Yasome tu," Koku alisema.

Hellen akasoma polepole. "Mwezi. Hakuna dagaa. Florian yuko wodi ya wazazi tangu jana. Amerudi saa nne. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Amempa jina langu."

Nje boti ilikuwa ikiunguruma kuelekea visiwani.

"Ndiyo siku yenyewe," Florian alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Hapakupimwa kitu, Dokta; namba hiyo niliijaza mimi. Na madaftari ya mama ni sahihi yote. Andika hivyo, yote."

Hellen akaweka alama kwa kalamu nyekundu kando ya duara. Alieleza kwamba makala itaondolewa, na sababu itatajwa wazi. Kuhusu kazi ya Florian, wengine wataamua. Lakini namba za Koku, pamoja na mapengo yake, zinaweza kuchapishwa upya, safari hii jina lake likiwa juu, si chini. Koku alisikiliza kama mtu anayepewa mkono wa pole na wa pongezi kwa wakati mmoja.

"Mengine kaeni nayo," alisema. "Hili moja mkimaliza naomba mnirudishie. Ni la mtoto."

Florian ndiye aliyembebea ndoo tupu mpaka getini. Pale nje akamwambia, "Shikamoo mama," ingawa ilikuwa saa ya kuagana, na Koku akaitikia, "Marahaba, baba."

Yule mtoto bado hajajua kusoma. Siku moja atalifunua daftari hilo, ataiona siku aliyozaliwa imezungushiwa duara na kupigwa alama nyekundu, na atauliza ni kwa nini. Wewe ungemjibu nini?