Sarafu yenye Msalaba na Ndizi

Baba yangu alikuwa sonara. Kibanda chake cha mbao kilikuwa pembeni ya soko, huko Lubumbashi, na kazi yake kubwa ilikuwa pete za ndoa. Wateja walimletea dhahabu yao wenyewe aiyeyushe: hereni iliyopoteza mwenzake, jino la marehemu, mara chache sana sarafu. Sarafu ndizo alizopenda kuzishika kabla ya kuzitia motoni. Kulikuwa na zenye kichwa cha rais, ambazo serikali ya Zaire ilizichongesha Ulaya kwa ajili ya wazungu wanaokusanya vitu vya namna hiyo. Mwananchi wa kawaida hakuwahi kuzitumia hata kununua sukari. Na kulikuwa na za zamani zaidi, za wakati Katanga ilipojitenga na kujiita nchi: upande mmoja msalaba wa shaba, kama ule ambao mababu walikuwa wakiufua, upande wa pili mkungu wa ndizi.

Mama alikuwa na moja ya hizo. Ilitoka kwa baba yake, mzee wa Kasungami, pembeni mwa mji, aliyekuwa dereva wa wakubwa katika miaka hiyo ya Katanga. Babu hakutaka binti yake aolewe na Baba, kwa sababu Baba alikuwa Mkasai, mtu ambaye asili ya ukoo wake ni mkoa jirani wa Kasai. Kwamba Baba alizaliwa mji uleule, na hajawahi kuiona Kasai kwa macho yake, Babu hakulisikia. Hakuja harusini. Lakini nilipozaliwa mimi, alikuja kwa miguu, amevaa koti lake la udereva, akafungua kitambaa cha mfukoni mbele ya Baba na kuitoa sarafu kwa mikono miwili.

"Mukwe wangu, hii iko dhahabu," alisema. "Bakubwa ndio balinipatiaka. Utamuchungia mutoto."

Baba alipiga goti, akaipokea. "Aksanti, baba," akasema, basi. Mama alitusimulia habari hiyo mara nyingi kuliko habari yoyote ya maisha yake. Kwake ndiyo ilikuwa harusi yenyewe.

Babu alikuwa ameshafariki mambo yalipoharibika. Noti za nchi zilikuwa zimegeuka makaratasi, mishahara ya migodini haifiki, na katika mikutano wakubwa walikuwa wamepata wa kumlaumu. Vijana wakaanza kupita mitaani na matawi ya miti wakiimba kwamba Bakasai warudi kwao. Walituita bilulu, yaani wadudu. Kwanza walikuwa vijana wasiojulikana. Halafu tukawaona miongoni mwao watoto wa jirani zetu, na mwishowe jirani wenyewe. Kibanda cha Baba kilivunjwa mchana, watu wakitazama. Aliyebeba mizani yake ya kupimia dhahabu alikuwa amevaa pete ambayo Baba aliitengeneza. Baba alirudi nyumbani mikono mitupu akaketi uani, na Mama akaanza kufunga nguo kwenye shuka bila kumuuliza kitu.

Kabla hatujatoka alifika mjomba, kaka mkubwa wa Mama. Hakuketi.

"Dada, wewe na batoto munabakia. Nyumba ya baba iko pale Kasungami. Yeye tu ndiye aende kwabo."

"Kwabo ni wapi?" Mama akauliza. "Alizaliwa hapa."

"Unajua nasema nini."

"Na hawa?" Mama alitusukuma mbele, mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye tulimtunza kama yai. "Hawa ni bilulu ao si bilulu? Siku batakuja kule Kasungami, utabajibu nini?"

Mjomba alichungulia njiani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na mtu akiogopa huwezi kusema naye. Aliondoka bila kumuaga Baba.

Tulikwenda kwenye kituo cha treni pamoja na wengine wote. Kila mtu alikuwa pale: walimu, makarani, mafundi wa migodini, wauguzi, wamelala chini ya maturubai na mabati kando ya reli, wakingoja treni ya kwenda Kasai ambayo haikuja, au ilikuja ikajaa hata juu ya paa. Mvua ilinyesha juu yetu. Maji ya kunywa na maji ya kinyesi yalikutana. Surua ikaingia, ikachagua wadogo.

Mdogo wangu alipata homa, halafu macho mekundu, halafu vipele. Mama alipoona amekataa hata uji, alifumua pindo la kitenge chake akatoa sarafu.

"Leo nauzisha."

Baba, ambaye siku zile alikuwa haongei, aliinua kichwa. "Usiuzishe, mama ya batoto. Iko ya baba yako."

"Baba alisema ni ya kuchungia mutoto. Mutoto si huyu?"

"Achana nayo. Nitatafuta njia ingine."

"Njia gani? Uko na njia gani, wewe?"

Sijawahi kumsikia Mama akimwambia Baba hivyo.

Mama alinichukua mimi. Kwenye vizuizi vya vijana wale aliongea Kibemba, lugha ya upande wake, wakatupitisha. Tulitembea mpaka mtaa wa Golf, kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa jumla, mtu wa Kivu mwenye malori, ambaye Baba aliwahi kumwambia Mama kuwa ananunua sarafu za zamani na kuwauzia wazungu. Alitukaribisha barazani akaleta viti. Aliipokea sarafu, akaiweka kwenye kiganja, akairusha kidogo na kuidaka. Kisha akaingia ndani akarudi na kisanduku chenye kitambaa, akatoa sarafu nyingine.

"Mama, nyoosha mikono."

Akaweka ya kwetu mkono wa kushoto, ya kwake mkono wa kulia. Picha zilikuwa zilezile: msalaba uleule, ndizi zilezile. Lakini niliona mkono wa kulia wa Mama ukishuka.

"Hii yangu ndiyo dhahabu," yule mtu akasema taratibu. "Walizitengeneza chache tu, za kuwapa wakubwa na kuuza nje. Hii yako ni ya shaba nyekundu, imechanganywa. Watu walinunulia mkate. Samahani sana, mama. Sonara yeyote angekuambia."

Mama hakulia. Yule mtu alitupa kopo la maziwa ya unga na vidonge vya homa vilivyokuwa kabatini mwake, akakataa kuichukua sarafu. Njia nzima ya kurudi Mama alirudia maneno yale chini chini: sonara yeyote.

Baba alikuwa amempakata mgonjwa. Mama alisimama mbele yake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu alipoiweka mkononi mwangu. Ilikuwa nyepesi."

"Na ukanyamaza miaka yote hii! Mimi nikisimulia watu, nikiringa, na wewe umekaa hapo unanisikiliza!"

"Mama ya batoto," Baba akasema, "baba yako alikataa kukanyaga kwangu. Halafu akaja kwa miguu, akaniita mukwe. Ulitaka nimwambie nini? Kwamba bakubwa bake bamemudanganya?"

Mama aliketi matopeni. Baadaye alimchukua mtoto kutoka kwake, akamnywesha maziwa kidogo kidogo kwa kijiko. Baba alishika kikombe.

Mdogo wangu alikufa asubuhi, watu wakiwa wanawasha makaa. Alikuwa anaomba aende nyumbani kucheza.

Sijui nani alimpelekea mjomba habari. Alikuja na jeneza dogo la mbao alilolipigilia misumari mwenyewe, amelibeba begani, akipita katikati ya vijana wale wenye matawi, na hakuna aliyemzuia. Alimwosha mtoto pamoja na Mama. Alichimba pamoja na Baba. Udongo ulipokwisha kurudishwa alikaa pembeni ya kaburi akalia kwa sauti, mtu mzima, na Baba ndiye aliyemshika bega.

Tuliporudi chini ya turubai Baba alimwomba Mama sarafu. Mama alimpa bila kuelewa. Baba akaipangusa kwenye shati, akamkabidhi mjomba kwa mikono miwili.

"Shemeji, hii iko ya baba yenu. Iko dhahabu. Haifai iende Kasai. Ikae kwa batoto bako."

Mjomba aliiangalia. "Nilikuja kukufukuza," alisema. "Na wewe unanipatia dhahabu?"

"Umenizikia mutoto."

Nilimtazama Mama. Nilijua, na alijua kwamba najua. Alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kukunja.

"Dada," mjomba akasema, "bakia basi. Tafazali."

"Hapana," Mama akajibu. Alimkumbatia kaka yake kwa muda mrefu.

Treni yetu ilikuja baada ya mvua nyingine nyingi. Tulipanda behewa la mizigo lililokuwa wazi juu. Njiani watu walikufa, tukawaacha kwenye vituo ambavyo sikuyajua majina yake. Baba alisafiri akiwa amesimama muda mwingi ili Mama na mimi tupate pa kukaa, na miguu yake ilivimba, haikurudi tena kuwa kama zamani.

Mwene-Ditu, mji wa Kasai tuliposhukia, watu walitupokea kwa uji na maombi, nami nashukuru mpaka leo. Lakini asubuhi ya kwanza nilipokwenda kuchota maji, wanawake kisimani walinigeukia wakaniuliza kitu kwa Kiluba cha Kasai, lugha ya baba yangu. Nilielewa neno moja tu, lenye maana ya nyumbani. Nikawajibu kwa Kiswahili, kwa kuwa sikuwa na lugha nyingine. Wakatazamana. Mmoja wao, mzee, akasogeza ndoo yake kunipisha, akawaambia wenzake kwa Kiswahili kibovu, ili nami nielewe: mwacheni achote, huyu ni mtu wa Katanga.