Lori moja, macho mawili: mlinzi wa geti na kinga iliyomgeuka

Saa nane na robo mchana, lori la saruji linapiga honi nje ya ghala, na Mama Geti anafanya jambo linalowachekesha madereva wageni. Anainua kope ya jicho la kushoto kwa kidole, analiziba la kulia kwa kiganja, kisha anasoma namba za gari polepole.

"Hayo macho au pazia?" dereva anamtania.

"Pazia, mwanangu. Na leo limekatika kamba," anajibu huku akiandika kwenye daftari.

Huu ni mwaka wake wa tisa akilinda geti hili. Kwa miezi kumi na minane sasa, kope zake huanguka kadiri siku inavyosonga. Asubuhi ni mzima kabisa. Mchana kope zinashuka, shingo inachoka, hata kutafuna kunakuwa kazi. Akipumzika, nguvu zinarudi. Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa, maana mgonjwa anayepata nafuu kwa kukaa chini hana tofauti na mvivu.

Meneja alimwandikia barua mbili za onyo kwa kulala kazini.

"Nilikuwa namsikia anakuja," anasema Mama Geti. "Nasikia viatu, nasikia funguo. Kope tu ndizo zimekataa. Sasa utamwambia nini bosi? Kwamba umefumba macho lakini hujalala?"

Alinunua miwani, haikusaidia. Zahanati moja ikampa dawa ya kuongeza damu. Wifi yake, anayeishi naye, alishikilia kuwa ni simu tu inayomchosha macho. Katika hospitali ya tatu, daktari wa mishipa ya fahamu alimwambia atazame dari bila kushusha macho. Dakika haijaisha, kope zikashuka.

Vipimo vilionyesha ni miasthenia. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, hushambulia mahali ambapo mishipa ya fahamu huipa misuli amri. Daktari akamrahisishia: askari wa mwili wako wamemgeukia mwenye nyumba.

"Nikamwambia, daktari, mlinzi akimpiga mwenye nyumba anafukuzwa siku hiyohiyo. Hawa wangu nawafukuzaje?"

Hawafukuzwi. Alipewa vidonge vya kumeza kila baada ya saa chache ili misuli ipate amri, na vingine vya kuwatuliza hao askari. Vyote pamoja vinameza theluthi ya mshahara. Hivyo vya pili ndivyo vilivyomvuruga akili.

"Hiki kinaniongezea nguvu, kile kinawapunguzia nguvu askari wangu. Mimi sasa napanda au nashuka? Na kwenye kazi yetu, anayewalaza walinzi ni mwizi."

Akaviacha kimyakimya, bila kumwambia daktari. Wiki ya tatu likaingia lori moja, yeye akaona mawili yamebanana. Namba za la pili zilikuwa zimepandana, akazisoma alivyojaliwa na kuziandika. Jioni likatoka moja.

"Walitafuta lori zima, baba! Wanafunua maturubai, wanachungulia nyuma ya magunia!" wifi yake anasimulia, akicheka mpaka anashika mbavu.

Mama Geti hacheki. Siku hiyo aliambiwa asirudi tena.

Alirudi baada ya siku nne, na wifi pembeni, na barua ya daktari iliyoeleza ugonjwa wenyewe na hatari ya kuacha dawa ghafla. Meneja aliisoma mara mbili. Akampa miezi mitatu ya kujaribiwa, zamu ya asubuhi inayoisha saa tisa, na kiti.

"Kusema kweli sijaelewa," meneja anakiri. "Ila nimeona hata mwenyewe hajaelewa, na kila siku anafika kabla yangu."

Miezi hiyo inaisha Ijumaa hii. Hajaruka kidonge hata kimoja, na sasa lori huwa mawili mara chache, akichoka sana; hapo huziba jicho moja ili abaki na lori moja. Daktari hakumwahidi kupona. Alimwambia kwamba wengi huishi na kufanya kazi miaka mingi wakifuata dawa na kupumzika.

Anataka nini Ijumaa? Kope zimeanza tena kushuka.

"Sitaki huruma," anasema. "Ila bosi akinikuta nimefumba macho, aniite kwanza. Nitaitika."