Minazi Yangu Juu ya Ardhi Yake

Nina minazi Tiwi, lakini sina shamba Tiwi. Watu wa bara nikiwaeleza hudhani nimekosea kusema. Kwetu si ajabu. Ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine, na wote wawili wakaishi mpaka wakafa bila kugombana, mradi wafuate adabu. Mwenye ardhi halimi akakata mizizi, wala hachomi majani chini ya mnazi usio wake. Mwenye minazi huingia apendapo kuangua nazi zake, hapigi hodi. Ila mnazi ukianguka, hana ruhusa ya kupanda mwingine mahali pake mpaka mwenye ardhi aridhie. Yaani mali yangu hupungua kila upepo ukivuma kwa nguvu, nami siwezi kuirudishia. Kwa mtu aliyesomea uchumi wa kilimo mpaka akavishwa joho, si jambo la kujisifia.

Minazi hiyo niliipata kwa mjomba. Wadigo wa zamani walisema mrithi wa mtu ni mpwa wake. Dini ikasema ni mtoto wake. Mjomba alikuwa mtu asiyetaka kumuudhi jirani, sembuse Mwenyezi Mungu, basi aliigawa mali yake kwa kimo. Kilicho chini alimpa binti yake, kilicho juu akanipa mimi. Ardhi aliitoa kwa hiba angali hai, mbele ya mashahidi, na papo hapo akasema minazi ni ya mpwa wake. Siku ile nilijiona nimependelewa. Minazi ilikuwa inazaa, na ardhi yenyewe ilikuwa mchanga na magugu. Nilimhurumia binamu yangu. Naikumbuka sana huruma ile, kwa sababu sikupata tena nafasi ya kumhurumia.

Mimi na yeye ni watani, kama walivyo watoto wa mjomba na shangazi. Nimemzidi miezi michache, lakini hakuwa akiniamkia, maana mtani haamkiwi. Nilipotokea tu kwenye njia ya shamba, alianza.

"Bwana Makuti huyo. Umekuja kuona kama juu bado kuko?"

"Nimekuja kuona kama hujaniibia."

"Nikuibie nini? Nazi zako siku hizi ni sawa na ndimu."

Kisha alinipa chai ya rangi katika kikombe cha bati kilichobonyea, isiyo na iliki. Iliki ilikuwa ya wageni. Na mimi, alisema, sikuwa mgeni, nilikuwa hasara.

Kuhusu nazi hakusema uongo. Kuna vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoikwaruza nazi ingali changa, ikadumaa. Kuna chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi na kuula moyo wake. Na mvua za vuli siku hizi huja kama jamaa wa mbali, zikijisikia. Tasnifu yangu ya shahada ya pili ilihusu hatari ya mkulima mdogo kutegemea zao moja. Ilipewa alama nzuri. Mwandishi wake anategemea zao moja, tena lililosimama juu ya ardhi ya mtu.

Binamu yangu hakuandika tasnifu. Alianzisha kitalu cha miche. Mwanzoni zilikuwa pakiti tupu za maziwa zilizojazwa udongo na samadi, zimepangwa chini ya minazi yangu. Alikuza miembe ya kupandikiza, mikorosho, milimau. Kisha bahari ikaanza kula mchanga chini ya bustani za hoteli za Galu, na wenye hoteli wakawa wanatafuta miti inayovumilia chumvi na kushika ardhi. Wengine walikuwa wameona balaa tu. Yeye aliona mivinje na mikungu. Alikuwa akileta maji ya bahari kwa ndoo, akayachanganya na ya kisima, akainywesha miche kidogo kidogo, wiki hii kikombe, wiki ijayo kikombe na nusu, kama mtu anayemzoeza mtoto pilipili. Mche wake ukifika ufukweni haushangai, na chumvi wanajuana.

Wivu wangu haukuja siku moja. Lilipojengwa tangi la maji nilisema ni mkopo. Ulipowekwa uzio nilisema ni majivuno. Lakini chuo ninakofundisha, huko Mombasa, kilipomwalika azungumze na wanafunzi wangu, sikupata la kusema. Nilikaa safu ya mbele nikaandika. Mwanafunzi mmoja alimwuliza anajikinga vipi na hatari. Binamu yangu alifikiri kidogo.

"Ukipanda kitu kimoja, unamwomba Mungu kitu kimoja," alisema. "Mimi humwomba vingi. Hakosi kunikubalia kimoja."

Ukumbi ulicheka. Kurasa zangu mia mbili zilikuwa zinasema hivyo hivyo, ila hazikumchekesha mtu.

Siku moja nilikuwa shambani ilipokuja pikapu ya hoteli kuchukua mivinje. Mtunza bustani, kijana wa bara, alisimama katikati ya kitalu akatazama juu.

"Mathe, hii kivuli yako ni poa sana," alimwambia. "Kule Ukunda miche imechomeka yote. Hapa iko fiti tu."

"Kivuli si changu," binamu alimjibu, akanionyesha kwa kidevu. "Cha huyu hapa. Mimi ni mpangaji tu."

Alitania. Mimi niliipokea kama kukiri mbele ya hakimu. Njia nzima hadi Likoni, na juu ya feri pia, nilikuwa nikifikiri: anafanikiwa kwa kivuli changu. Minazi yangu imesimama juani kutwa, yeye amekaa chini yake anatajirika. Wanauchumi wana jina la faida inayomdondokea jirani bila yeye kuilipia, nami nililirudia jina hilo kimoyomoyo mpaka likawa kama dua.

Wiki iliyofuata nilimwambia nataka kodi ya kivuli. Nilitumia maneno ya heshima. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

"Asubuhi kivuli chako kinalala kwa jirani, upande wa machweo," alisema. "Yeye umeshamwambia?"

"Jirani hana kitalu."

"Aa. Basi si kivuli unachokitoza. Unanitoza mimi."

Niligeuka nikajifanya nahesabu minazi.

"Na maji ninayomwagilia hapa kila siku? Mizizi yako haiyanywi?"

"Mnazi haunywi maji ya kopo," nilisema, kwa sauti ninayoitumia darasani.

Katika utani kuna sharti moja: anayechomwa lazima acheke. Sikucheka. Nilienda zangu nikiwa nimeivunja sheria hiyo, na nadhani yeye aliliona jambo hilo kabla yangu.

Mbao za mnazi zinapendwa. Mafundi wa Diani huzifanyia vitanda na kaunta za baa. Nilijieleza kwa ufasaha: mazao yanashuka, hatari inapanda, mwenye busara huuza angali ana cha kuuza. Mwanauchumi hakosi sababu. Fundi wa msumeno alitaka minazi kumi na mmoja, akaniuliza nitampa ipi. Ilikuwepo mingi kando ya njia, mirefu, iliyochoka. Nilimwonyesha ile iliyosimama juu ya kitalu. Kwenye barua ya kuomba kibali cha kukata niliandika kwamba ni mizee na haizai. Sikuwa nimetazama juu.

Nilikwenda kumwambia binamu mwenyewe, maana nilitaka nionekane mwungwana. Alikuwa akihamisha miche ya mikungu, ana agizo la hoteli moja la kukabidhi kabla ya mvua za masika. Hakuacha kazi.

"Yako hiyo," alisema. "Nipe mpaka Jumamosi niiondoe miche isije ikaangukiwa."

"Hutaki kujua kwa nini?"

"Sababu ninaijua."

Jumamosi asubuhi fundi alikuja na msumeno wake wa injini. Nami nilikuwa nimemwita mkwezi aliyekwea minazi ile tangu enzi za mjomba, aangue nazi kwanza zisipasuke. Mkwezi kwetu hulipwa kwa nazi, kwa hiyo ndiye anayejua hali ya kila mnazi kuliko mwenyewe. Alipanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nazi zilidondoka kwa mshindo mzito. Hazikuwa ndimu.

Aliteremka wa tatu akaja akasimama mbele yangu, anajipangusa kifua.

"Bwana, unajua unakata nini?"

"Minazi."

"Hii ndiyo minazi yako. Ile ya kando ya njia ni nguzo za stima. Hii inakunywa maji ya kitalu tangu alipoanza. Mzizi hauna haya, huenda palipo na maji."

Fundi alikuwa amekwisha kuwasha msumeno, unanguruma mkononi mwake, anasubiri. Binamu yangu alikuwa kisimani, hatua ishirini tu, ameshika mpira wa maji. Alikuwa amesikia. Ningeweza kucheka. Hakikuhitajika kitu kingine. Ningecheka tu, niseme Bwana Makuti amekuwa Bwana Magogo, na msumeno ungezimwa, na mwaka mzima ningechekwa Tiwi nzima, mpaka misikitini. Nilimtazama amesimama pale na haki yake yote.

"Kata," nilisema.

Ilipofika adhuhuri palikuwa na mwanga mwingi mno. Sikuwahi kujua kwamba uwanja ule ni mdogo.

Jua la kaskazi lilifuata. Nilipita baada ya wiki tatu kwa kisingizio cha kuchukua makuti, nikaona majani ya mikungu yameungua pembeni, mengine yamejikunja. Hapa nitasema ukweli: nilifurahi. Furaha ilikaa muda wa mtu kuvuka kitalu kwa miguu, kisha ikaondoka, na haikuacha kitu mahali pake. Sehemu ya agizo ilikufa. Hoteli ile ilijazia kwa mtu mwingine. Nilisubiri aje Mombasa kunilalamikia, nilikuwa nimeandaa hata majibu. Hakuja.

Minazi iliyonibakia ni ile ya kando ya njia. Mkwezi huipanda kwa kunisitiri tu, maana ujira wake hautoki humo.

Mvua za masika zilipoisha nilikwenda tena. Kabla sijafika niliona kitu cheusi kimetanda juu ya kitalu: wavu wa kukinga jua, umefungwa kwenye nguzo zilizonyooka, umeshonwa vizuri pembeni. Chini yake miche ilikuwa mingi kuliko zamani, na kando ya kila kisiki changu palikuwa na mnazi mfupi wa kisasa, umefika magotini. Kumi na mmoja. Hiyo ni yake. Kaipanda mwenyewe kwenye ardhi yake, na siku moja atakuwa na chini na juu.

Aliniona. Aliweka kopo chini, akapangusa mikono kwenye leso, akaja mpaka nilipo.

"Shikamoo, kaka."

Ulimi uliitikia marahaba kabla sijajua naitikia nini. Aliniuliza hali ya mke wangu, ya watoto, ya kazi, ya safari. Aliingia ndani akatoka na kiti chenye mto. Nilimwambia ningekaa tu juu ya ndoo, akasema haiwezekani. Chai ililetwa kwa kikombe cha udongo mweupe, na kisahani chake. Nilipoinua nikasikia harufu ya iliki.

Niliinywa. Alikaa mbele yangu kwa adabu, mikono mapajani, kama watu wanavyokaa na afisa wa serikali. Nilitazama juu, nikajikuta nauchunguza wavu: tundu zake zilivyo sawa, mwanga unaopita ulivyo mpole, nani alimshauri aina hiyo, na kwa nini mtu huyo hakunishauri mimi. Hata hapo. Hata na iliki kinywani.

"Kivuli kizuri," nilisema. "Na hiki nani anakutoza?"

Nilisubiri.

Alitabasamu kidogo, tabasamu safi la kumpokea mtu.

"Karibu wakati wowote, kaka," alisema. "Nikuongeze chai?"