Ndoo ya Mchanga ya Baba Mkwe

Mwanangu, umeniandikia kwamba umenunua tangi la vioo la kufugia samaki sebuleni, na hujui uchague mtambo gani wa kuchuja maji. Nimechoka siku hizi, hata kujibu barua ni kazi. Lakini hili nitakujibu, maana nakumbuka siku niliyowaua samaki saba kwa kupenda usafi.

Nilikuwa mke mpya hapa Kahama, mwanzoni mwa miaka ya themanini, bidhaa zilipoadimika. Baba mkwe wangu alikuwa na duka la vitambaa lisilo na kitambaa. Wenzake walifunga milango. Yeye alimwita fundi akaziba kwa lami viungo vya kabati la vioo la kaunta, akalijaza maji, akatia perege wadogo kutoka lambo la kunyweshea ng'ombe. Kila asubuhi alivaa kanzu, akafungua duka kama kawaida, na watu waliokuja mnadani kutoka Segese waliingia kuwatazama samaki na kupiga naye soga. Mama mkwe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kusema kweli, samaki wale ndio waliokuwa wakimtoa mzee kitandani.

Maji aliyachuja mwenyewe. Juu ya kabati alining'iniza ndoo iliyotobolewa chini, ndani yake kokoto, mchanga na mkaa. Alichota maji ya kabati kwa kata, akayamimina kwenye ndoo, nayo yakadondoka taratibu kurudi kwa samaki. Siku nzima, kila akipita, kata moja. Mchanga ule ulikuwa na utelezi wa kahawia, ukinuka tope. Mimi ulinitia kinyaa.

Baba mkwe akaenda msibani Segese siku tatu, na mama yangu mzazi alikuwa njiani kunitembelea. Nikaona aibu. Nikachukua kipande cha sabuni, na sabuni wakati ule haikuwa ya kuchezea, nikauosha mchanga, nikausuuza mara nne, nikauchemsha. Maji yote ya zamani nikamwaga, nikajaza ya kisima niliyoyatuliza kwa shabu. Kabati liling'aa. Mama akanisifu, nami nikavimba kichwa.

Kesho yake samaki walipanda juu, wakawa wanatweta. Baba aliporudi walikuwa wanaelea, wote saba.

"Shikamoo, Baba," nikasema, nimepiga magoti.

"Marahaba." Akatia kidole kwenye ndoo, akausugua mchanga. "Umeuosha?"

"Ndiyo, Baba. Ulikuwa mchafu."

"Utelezi ule ndio uliokuwa unasafisha maji, mwanangu. Mchanga ni nyumba yake tu. Niliungoja wiki nyingi uote. Ungeniuliza."

Heri angenigombeza. Mume wangu alikwenda lamboni kuleta perege wengine. Baba akasema wapikwe. Asubuhi iliyofuata hakuvaa kanzu. Ufunguo wa duka aliuweka juu ya kabati tupu, ukakaa pale mpaka tulipomzika. Sijawahi kujisamehe, mwanangu, na sasa nimezeeka mno kuanza.

Basi chagua mtambo wowote unaouweza, wa umeme au wa ndoo kama ule. Uache wiki kadhaa uote utelezi, na samaki uwatie wachache wachache. Mtambo ukianza kuziba, suuza nusu tu, kwa maji uliyochota kwenye tangi lenyewe, nusu nyingine ingoje mwezi mwingine. Sabuni usiitie, hata kama mama yako yuko njiani. Na ukiingia nyumba ya mtu ukakuta kitu kinachokutia kinyaa, muulize kwanza kinamfanyia kazi gani. Mimi kuuliza kungenichukua muda mfupi kuliko kuchemsha ule mchanga.

Niache sasa nipumzike. Mungu akujalie samaki wazima, akupe subira niliyoikosa mimi, na kila asubuhi akupe sababu ya kufungua mlango wako.